Penseli Katika Mtutu wa Namba Saba

Maungu,
Jumapili, 3 Novemba 2024

Dada Loise,

Nakusalimu kutoka Maungu, na kabla ya mengine naulizia goti lako. Uliniambia daktari wa Bungoma amekukataza ngazi. Nakujua. Bado unapanda mpaka darasa la juu kwa sababu hutaki mwalimu mwingine aguse watoto wako. Pumzika, hata kama ni kwa muhula mmoja tu. Nawasalimu pia shemeji na mama mkwe wako, Mama Nabwile, aliyesafiri siku mbili kuja kulia nasi. Mwambie lile blanketi alilomwachia Mama bado liko kitandani, na Mama hakubali lifuliwe.

Huku tupo. Mvua imegusa Mgange kwa Mama, lakini hapa Maungu bado ni vumbi na malori. Mama anaamka saa kumi na mbili kama zamani, anapalilia mboga, anakwenda kanisani, na akiongea anaongea habari za mboga. Daisy amerudi Mwatate na kufungua tena kibanda chake cha kushona. Ni msimu wa sare za shule, kwa hiyo anashona mchana kutwa, na mteja akimpa pole anaitikia bila kuinua macho kwenye kitambaa. Mimi mwili hauna neno.

Wiki mbili zilizopita uliniuliza swali moja kwenye simu, nami nikakuambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo ya silaha, nakusikia vizuri kabisa, hata jogoo wa jirani yako nilimsikia. Uliniuliza kama ni kweli ndugu yetu Nicholas alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kutoisafisha bunduki yake. Ulisema unaniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye mtunza silaha wa ranchi, na kama kuna mtu anayejua, ni mimi. Ulisema pia kwamba Mama ameacha kukuuliza, na hilo ndilo linalokutisha.

Najua maneno yametoka wapi. Yalianza sokoni Mwatate, yakapanda mlimani. Daisy aliniambia kwamba katika ibada ya akina mama kuna dada mmoja alisimama akaomba Mungu awafundishe vijana wetu bidii katika kazi waliyokabidhiwa, ili wasituachie wajane. Hakutaja jina. Wote wakaitikia amina, na Daisy, mjane mwenyewe, naye akaitikia, kwa sababu alikuwa amefumba macho na hakung'amua mpaka aliposikia kimya kilichofuata.

Sasa nakujibu. Nitakueleza kwa mpangilio, na nakuomba usiruke kwenda mwisho.

Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini sidhani niliwahi kukuelezea inavyokwenda. Ranchi ina bunduki kumi na mbili, zote za zamani, zile ambazo askari anavuta bolti kwa mkono kila anapotaka kupiga. Bolti ni kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga mlango. Ndani yake mna pini na springi. Ukivuta triga, pini inaruka mbele, inagonga kitako cha risasi, risasi inalipuka. Ni hivyo tu. Pini ikigonga kwa nguvu, bunduki inalia. Ikigonga kinyonge, unasikia mlio mdogo kama wa kufuli, na hakuna kingine.

Adui wa pini hiyo huku kwetu si kutu, ni vumbi. Unalijua vumbi la barabara ya Kasigau, jekundu na laini kama unga wa muhogo. Vumbi peke yake unalipuliza likatoka. Mafuta peke yake hayana shida. Vikikutana ndani ya bolti, vinakuwa uji, na pini inaogelea ndani ya uji huo badala ya kuruka.

Kwa miaka mingi ranchi imekuwa ikipaka bunduki zake oili ya injini kutoka gereji, kwa sababu ipo kwenye mapipa na haiombewi ruhusa kwa mtu. Niliikuta hivyo, nikaendelea nayo. Mwaka huu marenja wa kambi ya Makwasinyi wakaanza kukaa huko wiki nne mfululizo badala ya moja, kwa kuwa nyati na ndovu wamezidi kushuka kwenye mashamba ya watu wakati wa kiangazi. Kabla ya hapo kila bunduki ilikuwa ikirudi kwangu kila Ijumaa, naifungua, naiosha. Wiki nne ni jambo jingine. Nikajiuliza ni mafuta gani yatakayokaa wiki nne ndani ya vumbi lile bila kugeuka uji. Meneja wetu, Bwana Ndulu, hakuona sababu ya swali hilo, lakini hakunizuia kulijibu.

Jumatatu ya tarehe 26 Agosti nilichukua bunduki nne za kambi hiyo. Namba nne, ya Katuku, niliipaka mafuta halisi ya bunduki, kichupa cha mwisho kilichobaki stoo. Namba tano, ya Danson, niliipaka mafuta ya cherehani niliyopewa na Daisy. Namba sita, ya Oluoch, niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha juani, nikaifuta kwa kitambaa kilichodondoshewa tone moja tu la mafuta, yaani kavu. Namba saba, ya Nicholas, niliipaka oili ya injini kama ilivyokuwa desturi. Bolti zote zikae bila kufunguliwa mpaka mwisho. Ili nisidanganyike, nilibandika utepe mwekundu wa plastiki kwenye kila bolti, ile sehemu ambayo lazima uizungushe ukitaka kuichambua. Utepe ukipasuka najua kuna mtu aliyefungua. Niliwaambia wote wanne: mtutu futeni kila siku, bolti msiguse.

Walinicheka, na nilifurahi kuchekwa. Walimwambia Danson kwamba bunduki yake itafyatua vifungo vya shati. Katuku akajisifu kwamba yake ndiyo ya tajiri. Oluoch, ambaye baba yake alikuja Voi na reli kutoka Siaya na ambaye ni Mkatoliki wa kweli, alilalamika kwamba wenzake wamepakwa mafuta na yeye amefungishwa Kwaresima mwezi wa nane. Nicholas aliniuliza kama sasa atahitaji leseni ya lori.

Kupima nilipima kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile mizani ndogo ya umeme ya kupimia mabegi, niliyoinunua Voi. Naining'iniza kwenye triga, navuta polepole, nasoma ni kilo ngapi mpaka pini iachie. Ya pili ni penseli. Bunduki ikiwa tupu, unaisimamisha mtutu juu, unadondosha penseli ndani, kitako chini, mpaka ikae juu ya uso wa bolti. Ukivuta triga, pini inaigonga penseli na kuirusha. Bunduki nzima inairusha mpaka juu ya kichwa chako. Nilichora mistari ya chaki kwenye ukuta wa kambi, kila mmoja sentimita kumi, na Nicholas akawa ndiye mtu wa kusoma mstari. Alikuwa akiidaka penseli kabla haijaanguka chini. Katika vipimo vyote sikumbuki kama alikosa hata mara moja. Ulimfundisha wewe kudaka, kwa malimau, pale nyuma ya jiko.

Kila Ijumaa nilikwenda Makwasinyi na daftari langu. Wiki ya kwanza hakukuwa na tofauti ya maana. Wiki ya pili namba sita, ile kavu, ilikuwa imesimama palepale: triga kilo mbili na nusu, penseli mita mbili na zaidi. Ya mafuta halisi ilishuka kidogo. Ya cherehani ilishuka zaidi. Ya oili ya injini triga yake ilifika kilo tatu na robo, na penseli ikaruka mita moja na sentimita kumi.

Jibu lilikuwa limepatikana, Dada. Tarehe sita Septemba nilijua ninachokijua leo. Nilirudi Maungu nikamwambia Bwana Ndulu kwamba bunduki zote zikaushwe na oili ya injini irudi gereji. Akanisikiliza vizuri. Akasema wiki mbili si mwezi, na kwamba oili hiyo imelinda ranchi hii tangu kabla sijaajiriwa. Nikitaka atie sahihi amri mpya, nimletee safu ya wiki nne iliyojaa. Hakusema zaidi ya hapo, na sitaki umchukie kwa neno ambalo hakulisema.

Ijumaa iliyofuata nilibandua utepe kwenye bunduki ya Katuku na ya Danson, nikazikausha. Ya Oluoch ilikuwa kavu tayari, nikabandua utepe tu. Namba saba nitairudia baadaye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe 18 Septemba. Asubuhi hiyo akina mama wa Makwasinyi walikwenda kambini kusema kuna nyati dume kwenye kichaka kilicho karibu na bomba la maji, anachechemea, na hawawezi kuchota. Alikuwa amenaswa na mtego wa waya akaukata, na waya ukabaki mguuni. Nicholas na Oluoch wakaenda. Ilikuwa zamu ya Nicholas kutangulia.

Haya yanayofuata nimeyapata kwa Oluoch, na nimemwuliza mara tatu katika siku tofauti, na mara zote tatu ameyasema vilevile. Saa nne kasorobo walifika kwenye kichaka. Nicholas aliwaashiria akina mama wakae nyuma ya tangi la maji. Nyati alitoka upande ambao hawakuutazamia, kama hatua ishirini. Nicholas alipiga goti, akalenga, akavuta. Oluoch alisikia mlio wa kufuli. Nicholas alivuta bolti kutoa risasi ile na kuingiza nyingine, na Oluoch anasema aliivuta kama mtu anayevuta droo iliyovimba kwa maji. Hakukimbia. Nyuma yake kulikuwa na tangi, na nyuma ya tangi kulikuwa na wanawake saba. Alivuta triga mara ya pili, na bunduki ikatoa mlio uleule. Ndipo nyati alipomfikia. Oluoch alipiga mara mbili kwa namba sita na nyati akaanguka, lakini kazi yake alikuwa ameshaimaliza.

Walimpakia kwenye gari la kambi. Alikuwa na fahamu mpaka Rukanga. Oluoch anasema aliuliza kama akina mama wako salama, kisha akaomba maji, kisha hakuomba tena kitu. Walipofika hapa Maungu kwenye lami walisimama, kwa sababu hakukuwa tena na haja ya kukimbilia hospitali Voi. Mimi nilitoka stoo nikalikuta gari limesimama mbele ya vibanda vya matikiti. Mengine ya siku hiyo unayajua, kwa sababu ni mimi niliyekupigia.

Ijumaa, tarehe 20, afisa wa polisi alikuja kuikagua bunduki. Bwana Ndulu alikuwepo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine anayeijua, waliniomba mimi niifungue mbele yao. Unaweza kuona ni ajabu kumpa ndugu wa marehemu kazi hiyo. Afisa aliniuliza kama nitaweza, nikasema nitaweza. Kabla ya kuifungua nilisema kuna kipimo kimoja cha kufanya kwanza. Niliisimamisha mtutu juu, nikadondosha penseli, nikavuta triga kwa mizani. Ilisoma kilo nne na gramu mia mbili. Tukasubiri penseli. Haikutoka. Tuliisikia ikigonga kidogo ndani ya mtutu na kurudi chini. Ilibidi niigeuze bunduki ndipo ikaanguka mkononi mwangu.

Nilipofungua bolti tulikuta uji mwekundu umeijaza springi yote. Wiki ile wachungaji walikuwa wamepitisha ng'ombe mia tisa kambini kwenda kwenye mabwawa, na vumbi lilikuwa limesimama hewani siku nne. Afisa aliniuliza sababu. Nilimwambia ni mafuta na udongo. Akaniomba niandike kwa mkono wangu, kama mtaalamu. Niliandika kwamba pini ilizuiwa na mchanganyiko wa mafuta na udongo, na kwamba silaha haikuwa imefunguliwa na kusafishwa kwa muda mrefu. Nikatia sahihi. Kila neno pale lilikuwa kweli. Sikuandika ni nani aliyeizuia isifunguliwe. Hakuna aliyeniuliza, na waliosoma wakajaza wenyewe jina la aliyeibeba.

Kwenye mazishi mimi ndiye niliyesoma wasifu wake, ulinisikia. Nilisoma tarehe ya kuzaliwa, shule, ndoa, kipaimara, kazi. Nilipofika mahali pa kifo nilisoma sentensi iliyoandikwa na ranchi, kwamba silaha yake ilishindwa kufanya kazi. Ulinitazama. Nilidhani umejua. Baadaye uliniletea chai ukaniambia nimesoma vizuri, sauti haikutetemeka.

Sasa niseme nililolizunguka.

Utepe ulikuwa bado upo kwenye namba saba siku ile. Nilikuwa nimewaondolea wote isipokuwa yeye. Nilihitaji safu ya wiki nne ya oili ya injini ili Bwana Ndulu atie sahihi, na nilihitaji itoke kwenye bunduki iliyobebwa kweli, inayolala na kuamka na askari, si iliyotundikwa. Ilinipitia akilini, Dada, kwamba ningeweza kuchukua bunduki isiyo na kazi, niipake oili, niitundike kwenye lango la kambi, vumbi liipate vilevile. Nililiwaza wazo hilo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikaliacha kwa sababu niliona litaharibu ulinganisho. Nikamchagua Nicholas kwa sababu ni ndugu yangu mdogo, kwa sababu Katuku angebishana, Danson angefungua nikigeuka, lakini Nicholas nikimwambia jambo nilijua limekwisha.

Ijumaa ya wiki ya tatu penseli yake iliruka sentimita arobaini. Tulipiga risasi moja kwenye kichuguu ili kuhakikisha. Ikalia. Nicholas akasema bado inaongea. Nikaandika arobaini, nikaondoka.

Jumanne, tarehe 17, saa kumi na moja jioni, alipanda kile kilima chenye mtandao akanipigia. Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyasikia kila siku tangu hapo.

"Kaka, hii ya kwangu sasa imekuwa nzito sana. Bolti inakuja kama imelala. Niifungue niipanguse?"

Nilikuwa nimeshika kalamu. Daftari lilikuwa wazi mezani, na safu ya namba saba ilikuwa na nafasi moja tupu.

"Usiifungue," nilimwambia. "Ijumaa napima. Vumilia siku tatu."

Akacheka, akasema basi nikija nimletee mandazi ya pale stendi, kama malipo ya uvumilivu. Dakika chache baadaye simu ikaita tena kwa ujumbe, nadhani alikuwa ameanza kushuka akakumbuka kwamba hakuwa amejibu sawasawa. Aliandika: Sawa kaka. Ijumaa.

Alikufa siku iliyofuata asubuhi.

Kuna mawili zaidi. Siku ile gari liliposimama pale kwenye matikiti, bunduki yake ilikuwa miguuni mwa Oluoch. Niliichukua, kwa kuwa ni kazi yangu kuzipokea. Nikaingia nayo stoo, nikafunga mlango, nikabandua utepe, nikautia kwenye daftari. Nicholas alikuwa bado yuko ndani ya gari. Hakuna aliyenituma. Mkono ulifanya, nami nikautazama ukifanya.

La pili ni la Ijumaa ile. Afisa na Bwana Ndulu walipoondoka nilikaa chini na daftari, nikaandika kwenye nafasi ya nne: kilo 4.2, penseli sifuri. Niliandika kwanza, Dada. Ndipo nikalia.

Safu imejaa. Bwana Ndulu alitia sahihi tarehe saba Oktoba, na sasa bunduki zote za ranchi ni kavu. Marenja wananishukuru. Katuku aliniambia nimeokoa watu.

Oluoch hanishukuru. Wiki iliyopita alikuja stoo kurudisha namba sita, akaiweka mezani, akakaa kwenye kreti bila kukaribishwa. Aliongea habari za mvua, habari za mama yake aliye Voi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Fundi, ule utepe niliuona. Ulikuwepo njia nzima. Mpaka Maungu ulikuwepo."

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia afisa.

"Ni ndugu yako," alisema. "Nilidhani utataka kusema wewe. Bado nangoja."

Akatoka. Hakuniwekea siku, na nadhani kama angeniwekea ningeisogeza.

Kesho, Jumatatu, nakwenda Voi kituoni na daftari, na utepe, na simu yenye ujumbe ule. Nimeandika maelezo mapya, kurasa mbili, na safari hii nimeandika ni nani. Nikitoka huko, kama wataniacha nitoke, nitapita Mwatate kwa Daisy, kisha nitapanda Mgange kwa Mama. Usiwapigie kabla yangu. Ninajua utataka kunisaidia kubeba, kwa sababu tangu Baba afe umekuwa ukitubebea, mimi na yeye, lakini hili niachie. Daisy lazima alisikie kwangu, mashine ikiwa imezimwa. Kwa Mama sijui nitaanzaje. Labda nitaanza na mboga.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimeandika kwa sababu uliuliza, na kwa sababu wewe ndiye uliyemlea. Mimi nilikuwa tayari na miaka tisa Baba alipokufa, nilijua kufunga viatu vyangu. Yeye alifungiwa na wewe. Siku ukienda tena kanisani kwetu, na mtu akaomba kwa ajili ya vijana wazembe, utakuwa na la kumjibu. Mwambie Nicholas alikuwa na tochi mfukoni, kitambaa safi kwenye mkoba, na ufito wa kusafishia kwenye kitako cha bunduki, vyote nimevikuta. Mwambie alijua bunduki yake inaumwa, na alijua dawa yake, na aliomba ruhusa. Alikatazwa na mtu aliyemwamini, akatii. Na hata iliponyamaza mara ya pili hakuondoka mbele ya wale wanawake.

Wanawake hao walikuja juzi kambini na viazi vitamu na kuku wawili. Walimwuliza Oluoch nyumbani kwa Nicholas ni wapi, wanataka kwenda kumwona mama yake. Aliwaambia wangoje wiki moja, kuna mtu mwingine anayetakiwa kufika kule kwanza.

Msalimie shemeji. Msalimie Mama Nabwile, na kama utaona vema kumwambia, mwambie. Linda goti. Nitakapokuwa nimefika kwa Mama nitakupigia, na safari hii mtandao hautakatika kwa upande wangu. Usipopokea nitaelewa, nami nitapiga tena kesho yake.

Yale mandazi nilikuwa nimeyaagiza Jumanne ileile, kwa yule mama wa stendi, yawe tayari Ijumaa asubuhi. Ijumaa ilipofika aliniita nikipita, akanipa yamefungwa kwenye gazeti, kwa kuwa alikuwa hajasikia. Niliyapokea.

Ni mimi,
Fanuel